Undugu ni Kufaana: Jibu kwa Dada Anayetaka Kumpa Kaka Yake Figo

"Daktari, shikamoo. Nina miaka 32, naishi Mbagala, nina mume na watoto wawili. Kaka yangu, tumbo moja, figo zake zilikufa mwaka juzi na sasa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Daktari wake ametuambia tufikirie kupandikiza, na kati ya ndugu wote mimi ndiye niliyejitokeza. Shida ilianza mjomba alipotuma kwenye kundi letu la WhatsApp habari za daktari Mmarekani aliyekuwa wa kwanza kufanikiwa kupandikiza figo. Ujumbe unasema mgonjwa wake alikufa baada ya miaka minane tu, na ndugu aliyempa figo akabaki mtu wa kuumwaumwa. Tangu siku hiyo mama halali, anasema hataki kuzika wawili. Mume wangu naye ameambiwa kazini kwamba mwanamke mwenye figo moja hazai tena. Nataka kumsaidia kaka yangu, lakini usiku taa zikizimwa naogopa. Naomba uniambie ukweli: huyo daktari alikuwa anajaribia tu watu? Na mimi nitabaki mzima?"

Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa kuuguza. Nyumba yenye mtu anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki haina ratiba nyingine, nalijua hilo. Barua yako ina maswali mawili uliyoyaandika na moja ambalo hukuliandika. Hilo la tatu nitalifikia mwishoni, maana kwangu ndilo zito.

Nianze na mjomba. Mjomba hakudanganya, amepokea nusu ya habari tu. Daktari huyo ni Joseph Murray, mzaliwa wa Milford, jimbo la Massachusetts, mwaka 1919. Ni kweli kwamba tarehe 23 Desemba 1954, katika hospitali ya Peter Bent Brigham mjini Boston, alimpandikiza figo kijana wa miaka 23 aitwaye Richard Herrick. Ni kweli Richard alifariki mwaka 1963. Lakini Ronald, pacha wake aliyetoa figo, hakubaki mtu wa kuumwaumwa. Alikuwa mwalimu wa hisabati, akafanya na kazi za shamba, akafika miaka 79. Alifariki Desemba 2010, baada ya matatizo yaliyofuata upasuaji wa moyo. Alitembea na figo moja kwa miaka 56. Mwambie mama hesabu hiyo kabla ya nyingine yoyote.

Na hiyo miaka minane ya Richard nayo tuitazame vizuri. Alipofikishwa hospitalini alikuwa wa kufa. Sumu zilikuwa zimejaa kwenye damu hadi akili imevurugika, anagombana na wauguzi. Baada ya upasuaji alipona kiasi cha kumwoa muuguzi aliyemhudumia, wakapata watoto wawili. Mwili wake haukuikataa ile figo. Kilichotokea ni kwamba ugonjwa uleule ulioua figo zake za kuzaliwa, uvimbe wa vichujio vya figo, ulirudi ukaishambulia na figo ya Ronald. Kwa hiyo swali la kumpelekea daktari wa kaka yako si "ataishi miaka mingapi?" Muulize hivi: figo zake ziliuawa na nini? Presha? Kisukari? Ugonjwa wa vichujio? Wa kurithi? Jibu la hapo ndilo linalotabiri maisha ya figo mpya, na utaona mbele kidogo kwamba linakuhusu na wewe mwenyewe.

Sasa, alikuwa anajaribia watu? Sitakuficha: kwa sehemu, ndiyo. Ila namna alivyojaribu ndiyo inayonifanya nikusimulie habari zake.

Murray hakuanza na figo, alianza na ngozi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa daktari kijana wa jeshi katika hospitali ya Valley Forge, Pennsylvania, akiwatibu askari walioungua. Mwenye majeraha makubwa hana ngozi yake ya kutosha kufunika vidonda, kwa hiyo madaktari walimfunika kwa ngozi ya mtu mwingine, hata ya maiti, ili asife wakati wanasubiri. Ngozi hiyo ya kuazima ilishika kwa muda, kisha ikanyauka na kubanduka. Mkuu wake wa kazi, James Barrett Brown, aliwahi mwaka 1937 kuhamisha ngozi kati ya mapacha wa kufanana kabisa, nayo ikashika moja kwa moja. Murray akaondoka jeshini na mambo mawili kichwani: kwamba mwili unamtambua mgeni, na kwamba kwa pacha wa kufanana haumwoni mgeni.

Ili tuelewane huko mbele, nikueleze mwili unavyomtambua mgeni. Kila chembe yako hai imevaa kitambulisho juu yake. Chembe za kinga zinapita mwilini usiku na mchana kama walinzi wa getini, zinakagua. Kitambulisho cha nyumbani kinapita. Kisichojulikana, kiwe cha mdudu wa homa ya mapafu au cha figo uliyopewa kwa mapenzi yote ya dunia, kinashambuliwa. Mlinzi hajui nia, anajua kitambulisho tu. Hii ndiyo maana ya mwili "kukataa figo". Haihusiani na kinyongo kati ya ndugu, wala na damu kutopatana kitabia, kama wengine wanavyonong'onezana msibani.

Vitambulisho hivyo unarithi nusu kwa baba na nusu kwa mama. Kwa ndugu wa baba na mama mmoja, nafasi ni moja kati ya nne kwamba mmefanana vyote, mbili kati ya nne kwamba mmefanana nusu, na moja kati ya nne kwamba hamkufanana hata kimoja. Ndiyo maana mtoto anayefanana sura na baba yake anaweza kuwa mbali na ndugu yake kwa vitambulisho vya ndani. Mapacha waliotoka yai moja tu ndio wenye vyote sawa daima.

Kabla ya 1954 watu walikuwa wameshajaribu na kulia. Huko Paris, Desemba 1952, kijana wa miaka 16, Marius Renard, alianguka kutoka jukwaa la ujenzi akapasuka figo. Wakaitoa, kumbe ndiyo pekee aliyozaliwa nayo. Mama yake akasihi achukuliwe yake. Ikapandikizwa, ikafanya kazi kama wiki tatu, kisha ikakataliwa, na kijana akafa. Hapo Boston penyewe, mwenzake Murray aitwaye David Hume alishapandikizia wagonjwa figo za marehemu. Iliyodumu sana ilifika miezi mitano na nusu.

Basi alipoletwa kijana mgonjwa mwenye pacha, Murray alipata kile alichokisubiri. Hapa ndipo ninapompenda. Angeweza kukimbilia kisu. Badala yake timu yake ilifanya kazi ya wiki nyingi ya kujiuliza swali ambalo halikuwa la kawaida kwenye upasuaji: tuna haki ya kumpasua mtu mzima, asiyeumwa, kwa faida ya mwingine? Daktari ameapa asidhuru. Ronald hakuwa mgonjwa, kumkata ni kumdhuru. Waliwaita viongozi wa dini wa madhehebu mbalimbali, wakawauliza wanasheria, wakaongea na familia tena na tena. Walibandika kipande cha ngozi ya mmoja kwa mwenzake waone kama itashika. Waliwapeleka mapacha kituo cha polisi kupimwa alama za vidole wathibitishe mfanano wao. Hapo siri ikavuja kwa waandishi wa habari, maana polisi ni polisi popote. Murray alifanyia mazoezi upasuaji wote kwenye maiti kwanza.

Kwenye kikao kimoja Ronald aliuliza kama hospitali itabeba jukumu la afya yake maisha yake yote. Daktari Hartwell Harrison, aliyepangiwa kumtoa figo, akajibu hapana. Kisha akamrudishia swali: unadhani katika chumba hiki kuna mtu atakayekataa kukuhudumia ukihitaji msaada? Na usiku wa kuamkia upasuaji Richard alimwandikia nduguye kikaratasi, akimwambia aondoke arudi nyumbani. Ronald akajibu kwamba yupo na atabaki. Hata mgonjwa mwenyewe, akiwa anakufa, aliona uzito wa anachopokea. Nadhani kaka yako naye anauona, hata kama hasemi.

Upasuaji wenyewe ulichukua masaa matano na nusu. Figo ilikaa dakika 82 bila damu. Vibanio vilipofunguliwa ikawa ya waridi, mkojo ukaanza kutoka papo hapo hadi ikabidi sakafu ifutwe. Aliiweka chini ya tumbo, karibu na nyonga, mrija wake ukaunganishwa na kibofu cha mkojo. Kwa kawaida ndipo tunapoiweka hadi leo. Watu wengi hudhani tunafungua mgongo, tunang'oa mbovu na kuweka nzima palepale. Mara nyingi zile za zamani tunaziacha zilipo, zinasinyaa taratibu. Usije ukashtuka kaka akikwambia ana figo tatu.

Sehemu ambayo ujumbe wa mjomba haukuifikia ndiyo yenye kiza. Wagonjwa wengi hawana pacha. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 timu ya Boston ilijaribu kuwanyamazisha walinzi wa mwili kwa kuwapiga wagonjwa mionzi mwili mzima. Karibu wote walikufa. Mmoja alipona, kijana aliyepewa figo na pacha wake asiyefanana naye, mwaka 1959, akaishi miaka mingi. Murray hakuwaficha waliokufa, aliandika habari zao na kuzisoma mbele ya wenzake. Walikuwepo waliomlaumu kwamba anajifanya Mungu. Ukiniuliza mimi, lawama ile haikuwa ya kipuuzi. Ninachomtetea ni kwamba wagonjwa wale hawakuwa na njia nyingine ya kuishi, na kwamba kwa kila aliyekufa alibadilisha kitu kabla ya kumgusa anayefuata.

Mlango ulifunguliwa na dawa. Gertrude Elion na George Hitchings walikuwa wametengeneza azathioprini, dawa ya kushusha kinga ya mwili, daktari kijana wa Kiingereza Roy Calne akaifanyia kazi kwa mbwa katika maabara ya Murray, na mwaka 1962 Murray akampandikiza mtu figo ya marehemu asiye ndugu yake, akaishi zaidi ya mwaka mmoja. Baadaye zikaja dawa nyingine za kushusha kinga, saiklosporini na takrolimasi, ambazo ndizo zilizoifanya kazi hii kuwa ya kawaida. Mwaka 1971 Murray aliacha kupandikiza, akarudi kwenye upasuaji wa kurekebisha nyuso za watoto waliozaliwa na kasoro. Tuzo ya Nobel ilimkuta mwaka 1990, akiwa na miaka 71. Alifariki Novemba 2012, na miaka 93.

Wahenga wetu wanasema undugu ni kufaana, si kufanana. Mwaka 1954 kitabibu hilo lilikuwa kosa: aliyefaa ni aliyefanana tu. Kuanzia 1962 limekuwa kweli zaidi kila mwaka. Siku hizi mke humpa mume figo bila kuwa na damu moja, ikakaa. Kwa hiyo ukipimwa ukaambiwa hamkufanana vitambulisho vyote na kaka yako, usirudi Mbagala unalia. Kinachozuia zaidi ni kundi la damu kutokubaliana, au damu yake kuwa tayari na askari walioandaliwa dhidi yako. Hilo hupimwa kwa kuchanganya damu zenu maabara. Mwenye kundi O anaweza kumpa yeyote, mwenye AB anaweza kupokea kwa yeyote, na ile chanya au hasi haina uzito hapa.

Tuje kwako. Utabaki mzima?

Figo yako itakayobaki haitaota vichujio vipya, lakini vile ilivyonavyo vitapanuka na kubeba kazi zaidi, kuanzia siku za mwanzo tu. Kwa mtu mwenye afya, uwezo wa kuchuja hutua kwenye kama asilimia 70 ya ule aliokuwa nao na figo mbili, na hiyo inatosha kuishi, kufanya kazi, kulea na kukimbilia daladala. Kuna watu, kama mmoja kati ya elfu, waliozaliwa na figo moja na hawajui hadi siku wanapigwa picha ya tumbo kwa jambo jingine.

Hata hivyo, anayekwambia hakuna hatari yoyote anakuuzia kitu. Utafiti mmoja wa Marekani uliofuatilia watoaji zaidi ya 80,000 ulikuta kwamba waliofariki ndani ya siku 90 baada ya upasuaji ni kama watatu kati ya kila 10,000. Ni wachache mno, lakini si sifuri, na kwa familia ya mmoja kati ya hao watatu takwimu haina maana. Utafiti mwingine wa hukohuko ulikadiria kwamba figo zitafeli, wakati wowote maishani, kwa watoaji 90 kati ya 10,000, ukilinganisha na 14 kati ya 10,000 kwa watu wenye afya kama yao ambao hawakutoa. Kwa watoaji Weusi hatari ilikuwa juu zaidi kuliko kwa Wazungu. Hizo ni hesabu za kule, wenye kliniki zao na chakula chao, lakini mwelekeo wake unatuhusu.

Wewe una miaka 32. Watu hudhani kijana ndiye mtoaji bora kwa sababu ana nguvu. Mimi huwa namtazama kijana kwa makini zaidi kuliko mtu wa miaka 50. Aliyefika 50 bila presha wala sukari ameshaonyesha kadi zake. Wewe una miaka hamsini mbele ambayo kipimo cha leo hakiioni. Hapa ndipo linarudi lile swali la kilichoua figo za kaka. Kama ni ugonjwa wa kurithi, kwa mfano wa mafuko ya maji kwenye figo, lazima wewe uchunguzwe kwanza kama huna mwanzo wake. Kama baba, mama au shangazi wana presha na kisukari, liseme hilo siku ya kwanza. Usilifiche ili upite. Nimeshakutana na wanaoficha kwa mapenzi, na mwisho familia inabaki na wagonjwa wawili, kile hasa anachokiogopa mama yako.

Kuhusu kuzaa, shemeji ameelezwa vibaya. Figo haina kazi kwenye mimba kutunga, wala kutoa figo hakumnyimi mwanaume nguvu zake, maana na hilo hujaulizwa lakini utaulizwa. Mwanamke wa kwanza kuzaa akiwa amepandikizwa figo, Edith Helm, alipasuliwa na Murray huyuhuyu mwaka 1956 kwa figo ya pacha wake, akajifungua mwaka 1958. Yeye alikuwa mpokeaji, mwenye mzigo mkubwa kuliko wako. Ila kuna jambo la kweli la kuzingatia: utafiti wa Kanada wa mwaka 2015 ulikuta wanawake waliotoa figo walipata presha ya mimba au dalili za awali za kifafa cha mimba mara 11 katika mimba mia, dhidi ya 5 kwa wasiotoa. Wengi wao walijifungua salama. Kama wewe na mumeo mnataka mtoto wa tatu, zungumzeni na timu ya madaktari sasa, kabla ya kupanga tarehe. Kuzaa kwanza ni njia halali, kama kaka anaweza kusubiri.

Je, anaweza? Mashine ya kusafisha damu inamfanyia kazi kama masaa 12 kwa wiki. Figo hai hufanya masaa 168. Mashine haitengenezi homoni ya kuongeza damu, ndiyo maana anaishiwa damu na kuchomwa sindano. Anapima maji kwa kikombe katika joto la Dar es Salaam, haruhusiwi madafu wala ndizi mbivu za kushiba kwa sababu ya potasiamu, na siku ya mashine ni siku ya kazi iliyopotea. Kwa mtu wa umri wake asiye na ugonjwa mkubwa wa moyo, kupandikiza kwa kawaida kunampa maisha marefu zaidi na bora zaidi kuliko mashine. Figo kutoka kwa mtu hai mara nyingi hudumu miaka 10 hadi 20, nyingine zaidi. Lakini kusafishwa damu si hukumu ya kifo. Wapo wanaoishi nayo miaka mingi. Huna bunduki kichwani.

Na kupandikizwa si kupona. Ni kubadilisha ugonjwa mzito kwa mwepesi. Kaka atameza dawa za kushusha kinga kila siku, kwa saa zilezile, hadi mwisho wa figo hiyo. Akiruka siku chache kwa sababu anajisikia vizuri, au hela imeisha, walinzi wanaamka na figo yako inakufa ndani yake. Nimeona machozi mengi yaliyotokana na hilo kuliko na kisu. Kabla hujalala mezani, familia ikae ihesabu: dawa za kila mwezi zitalipwa na nani, bima inabeba nini na haibebi nini, na kaka ni mtu wa kumeza dawa kwa nidhamu au ni wa kukumbushwa? Unamjua kuliko sisi. Kinga ikishushwa, kifua kikuu na maambukizi mengine hupata nafasi, na baadhi ya dawa za kifua kikuu hupunguza nguvu ya takrolimasi, kwa hiyo dawa yoyote mpya lazima ipite kwa daktari wake wa figo. Hata balungi limekatazwa, linapandisha dawa kwenye damu.

Hapa kwetu huduma ipo. Muhimbili walipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017 wakishirikiana na wataalamu kutoka India, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata Machi 2018. Kabla ya hapo mgonjwa na mtoaji wake walipanda ndege, wengi wao kwenda India. Mtu akikufuata na maneno kwamba kuna dalali, kuna figo ya kununua nje, mkimbie. Kuuza kiungo ni kosa, na watu huishia na figo isiyopimwa, mtoaji aliyerubuniwa, na hakuna wa kumfuatilia yeyote kati yao.

Usichokiuliza, mdogo wangu, ni hiki: naruhusiwa kukataa?

Unaruhusiwa. Leo, baada ya vipimo, na asubuhi ya upasuaji ukiwa umeshavaa gauni la kijani. Ndiyo sababu ya kukusimulia habari za Murray kwa urefu. Kilichotangulia kisu chake kilikuwa wiki za kumuuliza Ronald, na kila timu nzuri ya kupandikiza inayofuata baada yake inapaswa kukuuliza hivyohivyo. Omba uonane na daktari au mtu wa ustawi wa jamii peke yako, bila mama, bila mjomba, bila kaka. Mwambie hofu yako kama ulivyoniandikia. Ukiamua kutotoa, familia inaweza kuambiwa tu kwamba hukufaa, na hakuna anayelazimika kueleza zaidi. Haya si uongo. Mtu asiye tayari moyoni kweli hafai kutoa. Ukitaka kuongea na sheikh au padri wako kwanza, fanya hivyo. Hata Boston walianza na hao.

Kabla ya hayo yote, pima presha siku tatu tofauti katika kituo cha afya kilicho karibu, pima na mkojo na sukari. Kama presha iko juu, kuna protini kwenye mkojo, una sukari, una mimba, au uliwahi kuvimba miguu na uso wakati wa ujauzito, onana na daktari bingwa wa figo ana kwa ana kabla ya kumwahidi mtu chochote. Dawa za maumivu kama diklofenaki unazouziwa duka la dawa bila cheti, na za miti shamba za "kusafisha figo", ziache kuanzia sasa, utoe usitoe. Ukishatoa, utakaa hospitali siku chache, hutanyanyua ndoo wala mtoto kwa wiki kama sita, na kila mwaka utarudi kupima presha, mkojo na damu. Hilo la kila mwaka watoaji wengi hulisahau wakishajisikia wazima.

Kaka naye, akiruka siku ya mashine kisha akabanwa pumzi akilala chali, mapigo ya moyo yakaruka, akalegea ghafla, au akatetemeka kwa homa akiwa na mpira shingoni, asisubiri zamu yake. Mpelekeni dharura usiku huohuo.

Na mama mchukue siku ya kliniki ya waliopandikizwa, akae nao kwenye benchi. Wamo waliotoa na waliopewa, na bila kuambiwa hatawajua ni yupi ni yupi. Atawasikia wakilalamikia foleni ya maabara na nauli ya bodaboda kama watu wengine wote.